Wapi pa kuchukulia visa vya uchunguzi kifani Mombasa: sajili, mnada wa chai, orodha za wanachama na ofisi za "sura ya tatu"

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetafiti biashara ya kimataifa Mombasa hakosi kampuni za kuchunguza. Ukitoka Moi Avenue ukashuka Shimanzi, kisha ukavuka Makupa kuelekea Changamwe, umepita wauzaji wa chai ya nje, mawakala wa forodha, wenye maghala, mawakala wa meli na viwanda vya nguo vinavyoshonea soko la Marekani. Anachokosa ni jibu la swali atakaloulizwa na jopo la watahini hata kabla hajaketi vizuri: mbona hizi nne, na mbona si zile nyingine?

Jibu la wengi ni kwamba ndizo zilizokubali. Kwa ukweli halina kasoro, lakini kwa utafiti halitoshi, kwa sababu zilizokubali mara nyingi zinafanana kwa namna ambayo mtafiti haioni. Tathmini hii ni ya njia wanazotumia watafiti hapa kupata visa vya uchunguzi kifani, yaani mifano michache ya kuchunguzwa kwa kina: sajili ya kampuni kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mnada wa chai, orodha ya EPZ, yaani maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, vyama vya wafanyabiashara, mawakala wa forodha, na zile ofisi zinazokuuzia sura ya mbinu ikiwa imeshaandikwa. Kipimo chetu kikubwa ni kimoja: orodha hiyo inaficha nini? Kila orodha ilitengenezwa na mtu kwa kazi yake, na kazi hiyo si utafiti wako. Ukichota visa humo bila kuijua, orodha ndiyo iliyokuchagulia.

Sentensi ya kuandika kabla ya kufungua orodha yoyote

Andika hivi, ujaze mwenyewe: "Kila kisa katika utafiti huu ni kisa cha ..." Ikiwa unajaza "kampuni," bado hujafika. Kampuni ni mahali pa kisa. Kisa chenyewe kinaweza kuwa uamuzi wa kuingia soko fulani, uhusiano wa kampuni mama na tawi lake, mkataba mmoja wa ununuzi, au kipindi ambacho soko lilifungwa na wauzaji wakalazimika kutafuta jingine.

Katika biashara ya kimataifa jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu uteuzi hufanyika ngazi kwa ngazi: nchi, sekta, kampuni, tawi, kisha watu wa kuhojiwa. Tasnifu nyingi hueleza ngazi ya kampuni peke yake na kunyamaza kuhusu nyingine zote. Kenya imeingia kwa sababu mtafiti anaishi Kenya, na meneja amehojiwa kwa sababu ndiye aliyekuwepo ofisini siku hiyo. Mfano wa hapa bandarini unaeleweka haraka. Maersk makao yake ni Copenhagen, MSC ni Geneva. Ukichunguza "mkakati wa bei" kwa kuhoji ofisi ya Mombasa tu, unachunguza watu wanaotekeleza uamuzi uliofanywa kwingine. Kisa kama "jinsi ofisi ya Mombasa inavyojadiliana na makao makuu kuhusu wateja wa Uganda" unaweza kukifanya ukiwa hapa hapa. Kile cha mkakati wa bei hukiwezi, hata upewe mahojiano kumi.

Usisahau mipaka ya wakati. Mombasa ina tarehe ambazo zinakata visa vizuri kuliko maneno "miaka 5 iliyopita." Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa 2014, mizigo ya Uganda na Rwanda ikawa inalipiwa ushuru kabla haijaondoka Mombasa. Mizigo ya reli mpya ya SGR ilianza kusafirishwa Januari 2018, na kazi nyingi ya kontena ikahamia Nairobi hadi agizo la Septemba 2022 liliporudisha Mombasa utoaji wa mizigo. Anayechunguza wenye CFS, yaani vituo vya kontena nje ya bandari, kati ya miaka hiyo ana mwanzo na mwisho ambao jopo haliwezi kuubishia. Anayesema "2019 hadi 2024" hana sababu ya 2019 wala ya 2024.

Mnada wa chai: chanzo bora zaidi mjini, na mtego wake

Kama mada yako inaruhusu, anzia hapa. Mnada umekuwa Mombasa tangu 1969, unasimamiwa na chama cha biashara ya chai cha Afrika Mashariki, EATTA, bei zinatajwa kwa dola, na chai inatoka nchi kadhaa: Kenya kwa wingi, kisha Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nyingine. Wanachama wamepangwa kwa makundi ya wazalishaji, madalali, wanunuzi, wenye maghala na wapakiaji. Kwa mtafiti hii ni neema, kwani mnyororo mzima wa kuvuka mipaka unaonekana mahali pamoja na kila kiungo kina jina. Hakuna sekta nyingine Mombasa inayokupa hivyo.

Faida ya pili ni maandishi. Kila mnada una namba yake katika mwaka na una katalogi inayoonyesha alama ya kiwanda, daraja la chai (BP1, PF1, PD, D1 na mengine), idadi ya vifurushi na uzito. Madalali hutoa ripoti za soko kila wiki. Kwa hiyo unapomhoji mnunuzi akakwambia "mwaka ule tulihamia chai ya daraja la chini kwa sababu ya Misri," una kitu cha kulinganisha na maneno yake. Visa vingi vya tasnifu hufa kwa sababu vinasimama juu ya mahojiano peke yake. Hapa mguu wa pili upo tayari.

Faida ya tatu ni matukio. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya KTDA, shirika la viwanda vya wakulima wadogo wa chai. Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Tukio la namna hii linawagusa wauzaji wote siku moja lakini kwa viwango tofauti, na hapo ndipo uteuzi wa kulinganisha unapopata maana: chukua wauzaji 2 waliotegemea Khartoum sana, na wengine 2 wa ukubwa huo huo ambao Sudan kwao ilikuwa soko dogo tu. Tofauti ya majibu yao inakupa nadharia. Ukichukua wanne wote waliotegemea Sudan utapata masimulizi mazuri ya huzuni, na hutajua kama waliyoyafanya yalitokana na marufuku au ni desturi ya biashara ya chai.

Sasa mtego. Mnada hauonyeshi chai yote. Kuna chai inayouzwa moja kwa moja kwa mikataba, na kuna inayosafiri ndani ya kampuni hiyo hiyo kutoka shamba lake hadi kiwanda chake cha ng'ambo. Mtafiti anayechota visa kwenye orodha ya wanunuzi wa mnada amewaacha nje wale wasiouhitaji mnada, ambao kwa swali la umiliki na udhibiti ndio wa maana zaidi. Ikiwa swali lako ni "kwa nini kampuni huamua kumiliki mnyororo badala ya kununua sokoni," orodha ya mnada itakupa upande mmoja tu wa jibu, na utaandika kwa kujiamini kwamba soko ndilo linaloshinda.

Mtego mwingine ni tafsiri ya "kampuni iliyozaliwa ya kimataifa." Kigezo kinachotumika sana ni kwamba angalau 25% ya mauzo yawe nje ya nchi ndani ya miaka 3 tangu kuanzishwa. Mnunuzi wa mnada wa Mombasa anauza karibu kila kitu nje tangu kontena lake la kwanza. Kigezo hicho kinawapitisha wote, na kigezo kinachopitisha wote hakijachagua mtu. Tumia kingine: idadi ya nchi katika miaka 3 ya kwanza, au kama soko la kwanza lilipatikana kupitia jamaa, dalali au mteja aliyekuja mwenyewe.

Hapa inafaa kukumbuka chanzo cha nadharia yenyewe. Mfano wa Uppsala, ule unaosema kampuni huanza nchi za karibu kisha hupiga hatua kwenda za mbali, ulitokana na uchunguzi wa kampuni 4 za Uswidi uliochapishwa 1975: Sandvik, Atlas Copco, Facit na Volvo. Wote watengenezaji wa bidhaa za viwandani kutoka nchi moja ndogo. Hakuna aliyewakataza watafiti hao kujenga nadharia juu ya visa 4, wala nawe hukatazwi. Ila "karibu" ya Stockholm si "karibu" ya Mombasa. Mfanyabiashara wa Mji wa Kale mwenye jamaa Muscat au Karachi anaweza kuiona Kampala kuwa mbali zaidi. Uteuzi mzuri hapa ni kuweka upande mmoja kampuni zilizoanza Kampala na Kigali, upande wa pili zilizoanza Dubai na Karachi, zote za ukubwa na umri unaokaribiana. Hilo jopo litakaa kulisikiliza.

Upungufu wa mwisho ni wa watu. Madalali ni wachache na kila mmoja ana jicho la mwenzake. Siku za mnada, kwa kawaida Jumatatu na Jumanne, usipige simu wala usipite ofisini. Barua iliyopokelewa Alhamisi asubuhi ina nafasi kubwa zaidi ya kusomwa.

Sajili ya kampuni: dhaifu kwa kuchagua, bora kwa kuhakiki

Huduma ya kutafuta taarifa rasmi za kampuni kupitia eCitizen, pamoja na hati ya CR12, hukupa wakurugenzi, wanahisa na hisa zao, uraia wao na anwani iliyosajiliwa. Wanafunzi hudhani hii ndiyo orodha ya kuchotea. Siyo. Huwezi kuiambia sajili "nipe kampuni zote za Mombasa zinazouza nje." Unatafuta kampuni unayoijua jina. Na anwani iliyosajiliwa mara nyingi ni ya wakili au ya katibu wa kampuni, pengine Nairobi, wakati ghala na wafanyakazi wako Miritini.

Kazi yake halisi inaanza ukiwa na majina 10 au 15 mkononi, kwani hapo inakuokoa na aibu mbili. Ya kwanza ni umiliki. "Kampuni ya kigeni" katika vigezo vyako lazima iwe na asilimia. Usipoiandika, utajikuta na kampuni yenye jina la Kichina inayomilikiwa na Mkenya, na nyingine yenye jina la Kiswahili inayomilikiwa yote na kampuni ya Mauritius. Ya pili ni visa viwili kumbe ni kimoja: kampuni mbili zenye majina tofauti, ofisi tofauti, wakurugenzi wale wale. Ukizihesabu kama ushahidi unaojirudia, umemhoji mtu mmoja mara mbili. Angalia CR12 za kampuni zote ulizopunguza, ziweke sambamba, piga mstari chini ya kila jina linalojirudia. Jua pia kwamba CR12 inaishia kwa mwanahisa aliyeandikwa. Ikiwa mwanahisa ni kampuni nyingine ya nje, mmiliki wa mwisho hutamwona hapo, na sajili ya wanufaika halisi haiko wazi kwa umma. Andika tu "umiliki wa moja kwa moja" katika jedwali lako, usidai zaidi.

Kuna sifa moja ya sajili ambayo karibu hakuna anayeitumia: inawahifadhi wafu. Vyama huwatoa wasiolipa ada, mnada huwatoa wasionunua, lakini kampuni iliyokufa huendelea kuonekana kwenye sajili kwa muda mrefu, na inapofutwa jina lake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka Ijumaa. Utafiti wa kuingia masoko ya nje unaochagua waliofaulu peke yao hauwezi kusema chochote kuhusu sababu za kufaulu, kwani pengine walioshindwa walifanya yale yale. Chukua majina yaliyofutwa, muulize mwenye ghala au dalali aliyewajua, na jitahidi kupata kisa kimoja cha aliyeondoka sokoni. Mkurugenzi wa zamani huongea kwa uwazi kuliko wa sasa, maana hana tena mteja wa kumlinda.

Orodha ya EPZ

Sheria ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje ni ya 1990, na kampuni zilizomo hupewa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 25% kwa miaka 10 inayofuata. Orodha ni fupi, ni ya wauzaji nje halisi, na viwanda vya upande wa Changamwe na Mikindani unavifikia kwa matatu. Kwa mada za uwekezaji wa kigeni ni chanzo kizuri.

Kosa la kawaida ni kuchukua viwanda 4 vya nguo bila kuangalia umri wa leseni. Kiwanda kilicho mwaka wa 8 cha msamaha na kilicho mwaka wa 13 havifanyi hesabu moja ya kubaki au kuhama, hata kama vinashona suruali za aina ile ile. Weka mwaka wa kuanza uzalishaji kuwa safu ya pili katika jedwali lako, kabla ya idadi ya wafanyakazi. Na kwa kuwa nguo hizi ziliingia Marekani chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ambayo muda wake ulikwisha mwishoni mwa Septemba 2025, amua mapema kama mahojiano yako ni ya kabla au ya baada. Kuchanganya mawili katika kisa kimoja kunaharibu vyote viwili.

Malango ni magumu. Mlinzi hafungui kwa barua ya chuo pekee, na meneja wa rasilimali watu ndiye atakayepewa kazi ya "kumalizana na mwanafunzi." Ukihoji huyo tu katika kila kiwanda umepata visa 4 vya idara ya wafanyakazi. Omba watu 3 kwa nyadhifa katika barua ya kwanza kabisa: anayepokea oda kutoka ng'ambo, anayesimamia uzalishaji, na anayeshughulikia hati za usafirishaji. Kuongeza wa pili na wa tatu baadaye ni vigumu sana.

Vyama vya wafanyabiashara

Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI, na kile cha watengenezaji, KAM, vina wanachama Pwani. Uanachama ni wa hiari na una ada, kwa hiyo wenye mazoea ya kuhudhuria mikutano na kupiga picha ndio utakaowapata. Hufaa kwa barua ya kutambulishwa. Kwa kuchagulia visa, hapana.

Mawakala wa forodha na mnyororo wa kuelekezana

Wakala wa forodha anajua nani anaingiza nini, kutoka wapi, na nani amesimama tangu lini. Anajua kuliko orodha yoyote iliyochapishwa. Ndiyo maana watafiti humtumia kama mlango: "naomba uniunganishe na waagizaji watano." Anakuunganisha, nao wanakuunganisha na wengine, na ndani ya wiki mbili una kumi.

Tatizo ni kwamba wote kumi wametoka mkeka mmoja. Biashara ya Mombasa hukaa katika jamii, familia, msikiti au jamatkhana, shule waliyosoma pamoja. Kuelekezana kunafuata njia hizo hizo. Ukisha kuandika kwamba "uaminifu wa kijamii ndio mtaji mkuu wa kuingia soko la nje," umeandika tabia ya njia yako ya kuwapata, si ya biashara. Dawa yake ni kuanza na angalau mawakala 3 wasiofahamiana kibiashara, mmoja wa mizigo ya hapa nchini, mmoja wa mizigo ya Uganda au Rwanda, mmoja wa Sudan Kusini au Kongo, na kwa kila mnyororo usivuke viungo 2. Katika jedwali weka safu inayosema nani alimwelekeza nani. Safu hiyo pia ndiyo inayomtuliza mtahini wa nje.

Sheria nyingine ya hapa: usimhoji wakala kuhusu mteja aliyekuunganisha naye. Akisikika, milango yote imefungwa, na kwa haki.

Ofisi za "sura ya tatu"

Ziko karibu na kampasi, juu ya maduka ya kuchapisha na kujalidi, nyingine kwenye simu tu. Hatuzitaji, na hazihitaji kutajwa kwa sababu bidhaa yao ni moja. Unalipa, unapokea sura ya mbinu yenye aya safi na kosa lile lile: ukurasa wa tano kuna fomula ya ukubwa wa sampuli, na jibu lake ni 384.

Nambari hiyo ina asili yake. Ni 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.25, gawanya kwa 0.0025, yaani kiwango cha uhakika cha 95% na kosa la 5%, kwa anayekadiria asilimia katika umma mkubwa. Kwa uchunguzi kifani haina kazi, kwani hukadirii asilimia ya kitu chochote. Visa havichaguliwi ili viwakilishe umma kwa hesabu. Huchaguliwa kwa kuwa kila kimoja kinatarajiwa kuonyesha jambo: kurudia kilichoonekana katika cha kwanza, au kutofautiana nacho kwa sababu ambayo nadharia imeshaitaja. Mtahini akiona 384 pembeni ya maneno "uchunguzi kifani" anajua kwamba aliyeandika na aliyekuja kutetea ni watu wawili.

Ofisi hizi pia huuza orodha za "kampuni zinazokubali wanafunzi." Kampuni hizo zimehojiwa mpaka zimechoka na majibu yao yamekuwa wimbo. Dalili utaziona katika mahojiano ya kwanza: meneja anakujibu kwa lugha ya vitabu vya kozi, na hakuna tarehe wala bei hata moja.

Ni visa vingapi, na hesabu ya saa

Wanukuliwao zaidi katika mbinu hii ni Eisenhardt na Yin. Eisenhardt, katika makala yake ya 1989, anataja visa 4 hadi 10. Yin anafikiria 2 au 3 vya kurudiana kwa kufanana, na 4 hadi 6 vya kutofautiana kinadharia. Wanafunzi hunukuu idadi na kuacha mantiki yake. Kisa kimoja kinatosha ikiwa kina sababu ya kuwa kimoja, kwa mfano ndicho kinachopaswa kuthibitisha nadharia ikiwa nadharia ni ya kweli, na kikashindwa. Viwili ni idadi mbaya kuliko zote: vikitofautiana hujui ni kwa lipi, vikifanana hujui kama ni kwa bahati.

Kwa tasnifu ya uzamili yenye miezi 6 ya kazi, hesabu inayowezekana ni hii. Visa 4, watu 4 kila kimoja, saa 1 kila mmoja, ni saa 16 za sauti. Kuyaandika mahojiano ya Mombasa kutoka kwenye sauti, Kiswahili kikiingiliana na Kiingereza na mara Kigujarati cha simu iliyopigwa katikati, kunakula saa 5 au 6 kwa kila saa. Hiyo ni saa 80 hadi 96 kabla ya kuanza kuchambua. Visa 6 vinaifikisha 144. Anayepanga visa 10 peke yake ataishia na mahojiano mawili kwa kila kisa, na hayo si visa tena.

Katika kuchuja, anza na majina 30 hadi 40 kutoka vyanzo visivyopungua 2. Vigezo vya kuingia na vya kutoka viwe vimeandikwa na tarehe juu yake kabla ya simu ya kwanza. Punguza hadi 12 kwa kutumia nyaraka tu: mwaka wa kuanza, asilimia ya umiliki wa kigeni, soko la kwanza la nje, idadi ya masoko, bidhaa, na kama kuna maandishi ya kulinganisha na mahojiano. Wapange hao 12 katika vyumba 4 vya jedwali la mbili kwa mbili kulingana na tofauti zako kuu mbili. Chumba kikibaki kitupu, hilo ni tokeo, liandike. Omba ruhusa kwa 6, weka 3 akiba, kila wa akiba akiwa wa chumba kile kile anachokiziba. Hapa ndipo wengi hukosea: kampuni ikikataa, wanachukua yeyote aliye karibu, na mpango wote wa kulinganisha unavunjika bila wao kujua. Wakitetea husema mchagua nazi hupata koroma. Methali ni nzuri, ila jedwali halina chumba cha methali. Andika waliokataa, na sababu waliyotoa, kwa sentensi moja moja.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kinahitajika kisheria tangu sheria ya sayansi ya 2013, na waliohojiwa wanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Omba kibali ukiwa na kichwa kipana cha kutosha kubeba kampuni ya akiba. Anayetaja kampuni 4 kwa majina ndani ya maombi atahangaika moja ikijitoa.

Ukisha kuahidi kuficha majina, jaribu hivi kabla ya kuwasilisha: mpe mtu wa soko maelezo ya kisa bila jina, aseme ni nani. "Mnunuzi wa chai wa ukubwa wa kati, wa familia, ofisi Nyerere Avenue, asili ya soko lake Peshawar, alianza 1994" atatambuliwa kabla hujamaliza kusoma. Ondoa mwaka, weka "miaka ya 1990," ondoa barabara, weka Pakistan badala ya mji. Akiendelea kumtambua, rudi kwa mwenye kampuni umwonyeshe aya hiyo aamue yeye, na uwe na kisa cha akiba cha chumba hicho tayari endapo atasema hapana.